Mashine Iliyoamka Haraka Mno

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mkuu wa Kituo alikaa kwenye kiti cha karani wake, akawasha kompyuta namba nne ili aitazame kwa mara ya mwisho video ya wizi wa duka la dawa, na video hakuikuta. Akatafuta tena. Akavua kofia, akatafuta bila kofia. Ilipofika saa mbili na nusu kituo kizima kilikuwa kimeshajua, maana Mkuu alijaliwa sauti isiyohitaji simu ya upepo.

"Niitieni Kwanini!"

Jina lake kwenye faili lilikuwa jingine, lakini kituoni kila mtu alimwita Sajenti Kwanini, naye hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vilivyong'arishwa na daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Inasemekana alipata kumuuliza mwizi wa baiskeli "kwanini" mara tisa mfululizo, hadi yule mtu akakiri wizi wa baiskeli nyingine mbili ambazo hakuna aliyezilalamikia. Kompyuta hakuzielewa na wala hakujifanya anazielewa. Maelezo yake aliyaandika kwa mkono, akampa karani ayachape.

"Video imeibwa," Mkuu akasema. "Kesi inasikilizwa saa nane mchana. Bila video tuna nini?"

"Tuna mlinzi, afande."

"Aliyekuwa amelala! Atasimama mbele ya hakimu aeleze aliota nini?"

"Si tuombe nakala nyingine dukani?"

"Mtambo wao unajifuta kila baada ya wiki. Nakala ilikuwa hii hapa tu. Niliiweka mwenyewe."

"Kwanini haikuwekwa na kwenye flashi?"

"Flashi inatolewa kwa fomu."

"Na fomu iko wapi?"

Mkuu aliinyooshea kidole kompyuta namba nne.

Kutoka chumba cha mahabusu, mwisho wa ujia, sauti ya mtuhumiwa ikapaa. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, aliyekamatwa akiwa na katoni mbili za bandeji na dawa ya kikohozi chupa kumi na nane, akadai ana mafua. "Nasikia mmepoteza picha yangu! Jamani, na nilitoka vizuri!"

"Unaona?" Mkuu akasema, mishipa ya shingo imemtoka. "Huyu ana mtu humu ndani. Kamlipa. Ufunguo wa ofisi hii ulikuwa kwa nani Jumamosi na Jumapili?"

Kwanini alilijua jibu, akatamani asiulizwe. "Kwa Koplo wa Stoo, afande."

"Shemeji yako."

"Mdogo wa mume wangu, ndiyo."

"Basi sikiliza. Saa saba kamili nataka mtu. Usiponiletea mwingine, nampeleka shemeji yako makao makuu na pingu zake."

Akavaa kofia, akatoka. Kwanini akabaki na mashine.

Kompyuta za kituo zilikuwa sita, zote za aina moja: visanduku vyeusi vyembamba, kila kimoja kama kitabu kinene kilicholazwa ubavu. Zilikuja miaka mitatu nyuma, zikasifiwa sana kwa kuwa hazikuchukua nafasi mezani. Kwanini hakuzigusa. Kwanza alizizungukia zote sita, ofisi moja hadi nyingine, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Tano zilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Namba nne ilikuwa safi, hasa mgongoni na ubavuni. Tano zilikuwa na skrubu nyeusi. Namba nne ilikuwa na tatu nyeusi na moja inayometameta.

Kisha akafanya jambo ambalo hata konstebo wa kaunta alilishangaa. Alizima namba tatu, akaiwasha, akatazama saa yake ya mkononi. Mashine ikakoroma, ikakwaruza, ikaonyesha duara linalozunguka. Kwanini akaenda msalani, akarudi. Duara lilikuwa bado linazunguka. Dakika saba na nusu.

Akarudi ofisini kwa karani, akawasha namba nne. Hakuwahi hata kukaa. Sekunde kumi na nne. Akaweka sikio juu ya kisanduku. Kimya.

Akafungua daftari, akaandika: *Namba nne. Safi. Skrubu ngeni. Haikoromi. Kwanini?*

Kwanini alimkuta Koplo wa Stoo nyuma ya dirisha lake la waya, amezungukwa na baiskeli za ushahidi, magodoro na jenereta moja isiyo na mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda taratibu kuliko chakula. Alipomwona shemeji yake ameshika daftari, jasho lilimtoka papo hapo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo niite afande."

"Ndiyo, afande shemeji."

"Jumamosi ulifungua ofisi?"

"Nilifungua. Kupitisha hewa."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ukafunga?"

"Saa nane."

"Muda wa saa tano nzima unapitisha hewa?"

"Ilikuwa hewa nzito, afande."

Kwanini akavuta kiti. "Nani alitoa kitu kituoni Jumamosi?"

"Hakuna. Naapa. Kitu hakitoki humu bila kupita kwenye kitabu changu. Hata kalamu."

"Mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki. Ni feni."

"Feni imezimwa. Kwanini unatetemeka?"

Koplo akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Shemeji, ukimwambia mke wangu nimekwisha."

Kalamu ya Kwanini ikasimama. Alimfikiria mume wake, na namna atakavyomweleza jioni kwamba amemtia ndani mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe. "Sema."

"Nilikuwa nacheza karata."

"Na nani?"

"Na kompyuta namba mbili. Ile ya kaunta. Kila Jumamosi. Nyumbani namwambia nahesabu mali. Mchezo wenyewe mpaka ufunguke nusu saa imekwisha, ndiyo maana nachelewa." Machozi yalimlengalenga. "Na sijawahi kushinda hata siku moja."

Kwanini alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata hivyo aliliandika, maana kazi ni kazi. "Mtu mwingine aliingia?"

"Bi Karani peke yake. Saa nne. Alisema amesahau mwavuli."

"Alikaa muda gani?"

"Sijui. Nilikuwa pabaya kwenye mchezo."

Kwanini akamshukuru, akatoka. Alikuwa amefika katikati ya ujia aliposimama ghafla, na konstebo aliyekuwa nyuma yake akamgonga. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

Lakini mwavuli peke yake haumfungi mtu. Na Bi Karani mwenyewe hakuwepo: tangu saa moja alikuwa mahakamani akipeleka majalada, na huko simu huzimwa mlangoni. Kwanini aliamua kwanza ajue mashine imetendwa nini. Akavuka barabara, akaenda kumwita Babu Redio.

Babu Redio alikuwa fundi wa redio tangu enzi za betri kubwa, akahamia televisheni, kisha simu, kisha kompyuta, na kote alikopita alibeba kopo lilelile la skrubu. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na vyombo kama daktari na wagonjwa. Alikiinua kisanduku namba nne, akakipapasa, akakinusa.

"Pole, mama," akakiambia. Kisha kwa Kwanini: "Huyu kafunguliwa karibuni. Na aliyemfungua ana heshima. Hakumkwaruza."

"Fungua. Polepole. Kila unachotoa, taja."

Babu akafungua skrubu nne na kutelezesha kifuniko. "Feni. Ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi, moja tu, masikini. Na hapa..." Akachomoa kitu chembamba, chepesi kama karatasi ya kura iliyokunjwa mara mbili. "Ahaa. Diski aliyozaliwa nayo haipo. Hii ni mpya."

"Tofauti yake nini?"

"Ile ya zamani ina sahani ndani, inazunguka. Ndiyo mkoromo mliokuwa mnausikia. Inabeba mzigo mwingi lakini inajivuta. Hii haina kinachozunguka. Ndogo, lakini mbio! Sasa tazama." Akaonyesha kitako cha kisanduku. "Kompyuta kubwa zina nafasi ya diski mbili, tatu. Hivi vidogo vina kitanda kimoja. Akiingia mmoja, mwingine atoke. Mliponunua mlitazama umbo tu. Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini?"

"Sikuwepo kwenye kamati," Kwanini akasema. "Kwa hiyo mwizi alitoa diski kubwa yenye video, akaweka ndogo."

"Mwizi?" Babu Redio akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mwizi gani huyo, mwanangu? Anaingia nyumbani kwako, anabeba kiti kibovu, anakuachia kochi jipya?"

Kwanini aliacha kuandika. Hilo ndilo lililokuwa likimkera tangu asubuhi bila yeye kulijua. Mtu aliyelipwa kuficha video angeifuta tu. Au angeipiga mashine teke. Asingeipangusa vumbi.

"Mbona nyaraka nyingine zote bado zimo?" akauliza. "Maelezo, barua, fomu?"

Babu akairudisha diski, akawasha, akapekua. "Zimenakiliwa. Jumamosi, saa nne na dakika arobaini. Lakini ile ya zamani lazima ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kimehamishwa chote, kwa uangalifu. Cha pili hakikuhamishwa, kwa kuwa hapa kisingeenea. Kahamisha sebule, kaacha chumba cha kulala."

"Video ilikuwa chumba cha kulala."

"Bila shaka."

"Na hii skrubu inayometameta?"

Babu Redio akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika taratibu. Akatoa kopo lake mfukoni, akalifungua. Ndani, miongoni mwa skrubu mia za kila rangi, zilimetameta ndugu zake.

"Babu," Kwanini akasema kwa upole ambao wahalifu wengi waliujutia. "Kwanini skrubu yako iko kwenye kompyuta ya polisi?"

"Mimi sikujua ni ya polisi! Aliniambia ni ya nyumbani!"

"Nani?"

"Siri ya mteja..."

"Kwanini siri?"

"Basi, basi, usianze. Alikuja Ijumaa. Mwanamke. Nikamuuliza: unataka kubwa ya polepole au ndogo ya haraka? Akajibu kabla sijamaliza: haraka. Nikamkodisha bisibisi na kidude cha kunakilia, nikamfundisha. Mwanafunzi mzuri sana! Aliandika kila nilichosema. Skrubu moja nikampa ya akiba, maana skrubu hupenda kukimbilia chini ya kabati."

"Yukoje?"

"Mtulivu. Ila vidole." Babu akaweka mikono juu ya meza, akaigongesha haraka haraka. "Akiwa anafikiri, vidole vinagonga kaunta. Kama anachapa barua isiyoonekana."

Kwanini akafunga daftari, akalivisha mpira wake. Saa ilikuwa tano na dakika kumi.

Bi Karani alirudi kutoka mahakamani saa tano na nusu, majalada matupu kwapani, akamkuta Kwanini amekaa kwenye kiti cha wageni, si kwenye kiti chake. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mavazi ya heshima, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kukosea herufi wala kupaza sauti.

"Bi Karani, mwavuli uliuona?"

Karani akaketi. Mikono yake ikatua yenyewe kwenye kibodi. "Niulize tu, afande. Sitakuchosha."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwanini?"

Karani alitazama skrini. "Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, uso umevimba. Alikuja kumshtaki mume wake. Nikawasha mashine. Ikazunguka. Nikamwambia subiri kidogo, mama. Ikazunguka. Ilipofunguka, ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha upya. Yule mama kila mlango ulipofunguliwa alishtuka. Baada ya dakika arobaini alisimama, akasema amekumbuka ameacha mtoto kwa jirani. Hakurudi." Vidole vilikuwa vimeanza kugonga, bila sauti. "Nimeandika barua kumi na moja kuomba mashine zitengenezwe. Kumi na moja, afande. Nakala ninazo. Nikasema basi, nitaitengeneza hii moja mwenyewe."

Kwanini alikuwa na maswali matatu yaliyobaki. "Chumba cha pili cha diski ulikijua?"

"Nilikiona. Kila nikijaribu kukifungua, mashine inaganda. Nikajua ni takataka za zamani."

"Video ya duka la dawa ilikuwa humo. Mkuu aliiweka bila kukwambia."

Mikono ya Karani ikakaa kimya kabisa. "Kesi ni leo."

"Saa nane. Diski iko wapi?"

"Sikuiba, afande. Ni mali ya serikali. Jumamosi ileile niliifunga kwenye bahasha nikaipeleka stoo. Koplo akaikataa."

"Koplo gani?" Kwanini akauliza, ingawa alijua kuna mmoja tu.

Alikwenda stoo kwa hatua ndefu kuliko miguu yake. "Shemeji! Bi Karani alikuletea bahasha Jumamosi?"

"Alileta. Nikamwambia kifaa kibovu kinapokewa kwa fomu ya ubovu. Akasema si kibovu. Nikamwambia kizima hakipokelewi kabisa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Afande, uliniuliza nani *alitoa* kitu. Hukuniuliza nani *alileta*."

Kwanini alifumba macho, akahesabu hadi tano. Miaka ishirini na tatu ya kuuliza maswali, na lililokuwa la maana hakuliuliza. "Nyumbani kwako kuna nani?" akamuuliza Karani aliyekuwa amemfuata.

"Mama mkwe wangu. Koplo alipoikataa niliipeleka huko, nikaiweka juu ya kabati."

Nyumba ya Karani ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari la kituo. Gari liliamua kuwaka mara ya tatu. Walikwenda wanne: Kwanini, Karani, dereva, na Babu Redio aliyejipakia mwenyewe akisema mgonjwa wake hawezi kusafirishwa na watu wasio na ujuzi.

Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Karani alipekua droo, kapu la nguo, chini ya mto. Kwanini alisimama katikati ya sebule, akasikiliza. Kutoka barazani ulikuja mlio wa cherehani ikikimbia, trrrrr, ikapumzika, trrrrr.

Mama mkwe alikuwa bibi wa miaka sabini na ushei, mshonaji wa sare za shule, na alikuwa amezama kazini, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Cherehani ilikaa juu ya meza yenye miguu minne, mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake. Chini ya ule mfupi kulikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa vizuri.

"Yesu wangu! Allah! Wote!" Babu Redio akapiga yowe. "Mama, usikanyage!"

Bibi akakanyaga. Trrrrr.

"Shikamoo, mama," Kwanini akasema, akipiga magoti kwa heshima na kwa haraka kwa pamoja. "Tunaomba usimame kidogo. Hicho kilicho chini ya meza ni ushahidi wa polisi."

Bibi alitema pini moja moja kwenye kiganja. "Hiki? Ni kibati tu. Kimenikaa sawasawa. Meza hii imetikisika tangu nilipozaa mtoto wa mwisho, jana ndiyo nimeshona mshono ulionyooka."

"Mama, kuna mtu ataachiwa huru leo kwa sababu ya hicho kibati," Karani akasema, karibu kulia.

"Na mimi nina sare ishirini za kumaliza. Nikiwapa hicho, nitaweka nini?"

Babu Redio akatoa leso. Ilikuwa nyembamba mno. Dereva akavua kiatu; bibi akakitazama, akamrudishia. Kwanini akasimama, akaenda garini, akarudi na Mwongozo wa Taratibu za Upelelezi, toleo la zamani, jalada gumu. Akainua meza kwa bega, akachomoa bahasha, akasukumiza Mwongozo mahali pake. Bibi akakanyaga cherehani kuijaribu. Meza ilitulia tuli.

"Hiki kizuri zaidi," bibi akasema. "Kinahusu nini?"

"Sijawahi kufika mwisho wake, mama."

Saa saba kasorobo, ofisini kwa karani, Babu Redio aliunganisha diski kwa waya. Watu walijaa mlangoni. Mkuu wa Kituo alisimama nyuma kabisa, mikono kiunoni, pingu zikining'inia. Diski ikatoa mlio mmoja, *tik*. Ikanyamaza. *Tik*. Babu akainama, akainong'oneza maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Ikaanza kukoroma.

"Anapumua," Babu akasema.

Chumba cha pili kilifunguka. Karibu chote kilikuwa kimejazwa na mafaili arobaini yaliyopangwa kwa namba. Babu akabonyeza la kwanza. Ikatokea bendi, maua, gari lililofungwa riboni, na Mkuu wa Kituo mwenyewe katika suti nyeupe, akicheza kwa kurudi nyumanyuma kuelekea kwa bibi arusi.

"Arusi ya binti yangu," Mkuu akasema, kwa sauti ndogo ambayo kituo hakikuwahi kuisikia. "Niliiweka hapo kwa muda."

"Tangu lini, afande?" Kwanini akauliza.

"Miaka mitatu."

Hakuna aliyecheka. Ilihitaji juhudi. Konstebo wa kaunta alilazimika kutoka nje.

Faili la mwisho ndilo lilikuwa duka la dawa. Mtu mwembamba anaingia kwa dirisha, anachukua katoni, anaisogelea kamera na kupiga chafya ya nguvu, uso mzima ukionekana. Kwanini aliandika saa, dakika, majina ya wote walioona, akatia sahihi, akamtaka na Babu Redio atie yake. Video ikanakiliwa kwenye flashi mbili. Fomu zake zilikuwa zimeshachapwa na namba nne wakati flashi bado zinatafutwa.

Mahakamani ilichukua dakika ishirini. Mtuhumiwa alijitazama kwenye skrini, akasikiliza chafya yake ikirudiwa, akamwambia hakimu: "Angalau mmeona, mafua yalikuwa ya kweli." Akakiri kosa.

Waliporudi, Kwanini alimkabidhi Mkuu taarifa ya kurasa tatu. Hakuficha kitu. Jina la Karani lilikuwa ukurasa wa kwanza, kosa lake ukurasa wa pili: kubadili kifaa cha serikali bila kibali, kuhatarisha ushahidi. Ukurasa wa tatu ulisimulia habari ya mama mwenye uso uliovimba, na nyuma yake zilibanwa nakala za barua kumi na moja. Kila moja, pembeni, ilikuwa na neno *Nimeona*, na sahihi ya Mkuu.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye barua alizigeuza moja moja, polepole, mpaka ya mwisho. Kisha akaenda ofisini kwa karani, Kwanini nyuma yake.

"Bi Karani," akasema. "Umefanya kosa."

"Ndiyo, afande."

"Kosa kubwa. Lazima nikukaripie kwa maandishi. Andika." Akaunganisha mikono nyuma, akainua kidevu, akaanza kutembea. "Karipio kali. Kwa karani wa kituo. Imebainika kwamba wewe..."

Vidole vya Karani vilikimbia. Mkuu alizungumza kuhusu nidhamu, kuhusu kibali, kuhusu mali ya umma. Alipofika kwenye neno la mwisho, printa ilikuwa tayari imetoa ukurasa wa kwanza, bado wa moto. Alitia sahihi. Karani akatia sahihi. Nakala ikaingia kwenye faili. Yote hayo hayakufika dakika nne.

Mkuu akakohoa, akakunja nakala yake, akaelekea ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi. Mezani, namba moja, ambayo aliiwasha walipotoka garini, ilikuwa bado inakoroma, duara likizunguka katikati ya skrini.

Alisimama mlangoni akilitazama lile duara. Likazunguka. Likazunguka tena. Kisha akarudi hatua mbili, akachungulia ofisini kwa karani, akashusha sauti ili konstebo wa kaunta asimsikie.

"Bi Karani," akasema. "Hiyo bisibisi uliirudisha kwa mzee, au bado unayo?"